Kete ya Sitini na Nne

Kitwana alishuka kwenye basi pale Mapinga saa kumi na moja na robo, akakung'uta vumbi jekundu kwenye kanzu, akamwuliza utingo mara mbili basi la mwisho la kurudi Bagamoyo linapita saa ngapi. Utingo akamjibu mara mbili kwamba linapita magharibi. Muda ulitosha. Kwenda kwa mjane, kutoa pole, kubeba bao, kurudi barabarani. Alikuwa amechukua na gunia la kulifungia.

Pole yenyewe ilikuwa imechelewa zaidi ya siku arobaini, lakini hilo hakupenda kulifikiria.

Marehemu alikuwa Pazi. Mtu yeyote aliyepitisha jioni zake barazani pwani hii miaka ile anayakumbuka majina hayo mawili, Pazi wa Mapinga na Kitwana wa Bagamoyo. Kila Saba Saba, mafundi wa bao walikuja kushindana kutoka Pangani, Kunduchi, hata Mafia, na kila Saba Saba mafundi hao walirudi kwao mikono mitupu, kwa sababu fainali ilikuwa ya wale wale wawili. Miaka sita mfululizo. Pazi alishinda mara tatu na Kitwana mara tatu.

Hawakufanana hata kidogo. Kitwana alikuwa na maneno mengi na tambuu isiyokwisha shavuni. Alicheza huku anachekesha watu, na watu walimpenda. Pazi hakusema kitu. Alikuwa na tabia moja tu iliyomuudhi Kitwana mpaka usingizini. Kabla ya kusambaza kete, aligonga ile ya kwanza kwenye ukingo wa shimo, mara mbili.

Tok. Tok.

Halafu ndipo anakula. Ukiisikia hiyo, jua unaliwa.

Ikaja fainali ya saba, mwaka sabini na mbili. Walichezea bao la Pazi, la mninga, alilorithi kwa babu yake. Kitwana alilitamani bao lile tangu ujanani, na zamani, walipokuwa bado wanacheka pamoja, waliahidiana kwamba atakayetangulia kufa amwachie mwenzake. Siku hiyo hapakuwa na kicheko. Mchezo ulifika mahali ambapo Kitwana alikuwa na kete kumi na tatu mkononi na mtu yeyote aliyeangalia aliona mwisho wake. Akizimwaga zote, ya mwisho inaangukia shimo tupu, inalala, na Pazi anamaliza kazi. Zingekuwa kumi na mbili, ya mwisho ingekula.

Aliupeleka mkono kinywani kama mtu anayepangusa mate ya tambuu.

Alipoushusha mkono, kete zilikuwa kumi na mbili.

"Hamna!" alipiga kelele ya ushindi baada ya kula mpaka safu ya mbele ya Pazi ikabaki mashimo matupu. Watu wakamnyanyua juu. Pazi akaomba jambo moja tu, kete zihesabiwe. Mzee Muhidini, mwamuzi, akazihesabu. Sitini na tatu, badala ya sitini na nne. Wakatikisa mkeka, wakachambua majani, wakapekua mchanga. Pazi hakutazama mchanga. Alitazama shavu la Kitwana.

Ndipo Kitwana alipoimeza.

Komwe, ile mbegu ya kuchezea bao, si punje ya mchele. Ilishuka kooni kwa mateso, na machozi yakamtoka, na watu wakasema tazama bingwa analia kwa furaha. Muhidini akaamua kwamba kete imepotelea mchangani, mambo ya kawaida, matokeo ni yale yale. Jina la Kitwana likasomwa redioni. Pazi akalibeba bao lake na kete zake sitini na tatu. Alipompita Kitwana akasema kwa sauti ya chini, "Nitaisubiri."

Tangu siku hiyo Kitwana alihisi kitu kigumu chini ya kifua. Alikunywa haluli ya kuharisha mara tatu. Vyote vilitoka isipokuwa hicho.

Pazi akaugua. Siku tatu baada ya Idi akafa, na Kitwana hakwenda kuzika. Aliwaambia watu ana homa. Ukweli ni kwamba aliogopa lile swali linaloulizwa pale makaburini, kwamba mwenye neno na marehemu alitoe, na wote watoleane radhi. Angesimama vipi pale na kitu kile tumboni? Lakini mjane alipomtumia salamu kwamba aje achukue bao lake, homa ilipona siku ile ile.

Nyumba ya Pazi ilikuwa mwisho wa minazi, peke yake. Kimya. Hata kuku walikuwa wametulia kwenye kivuli cha ukuta.

"Hodi!"

"Karibu, shemeji." Sauti ya Mwanamkasi, mjane, ilitoka ndani karibu na mlango. "Utanisamehe, sitoki. Niko edani."

"Najua, shemeji. Poleni sana na msiba."

"Tumeshapoa," alisema. "Bao hilo hapo mlangoni. Marehemu aliliacha hivyo hivyo. Hatukuligusa."

Mlango ulikuwa wazi lakini pazia la kaniki lilikuwa limeshushwa. Bao lilikuwa limewekwa juu ya kizingiti, nusu nje, nusu ndani. Pazia liliangukia katikati yake barabara, safu mbili za mashimo upande wa baraza, safu mbili gizani. Siku zake za mwisho, alieleza Mwanamkasi, Pazi hakuweza tena kukaa barazani. Alilala kitandani kando ya mlango, na majirani waliokuja kumtazama walicheza naye hivyo, wao nje na yeye ndani, mkono wake tu ukitokea.

Harufu ya udi ilitoka chini ya pazia. Na chini ya udi, nyingine. Kafuri, ile ya maiti.

Kitwana akachuchumaa kuzikumba kete azitie guniani. Mkono ukamsimama hewani.

Aliujua mpangilio ule wa kete. Ilikuwa fainali ya saba. Kila shimo lilikuwa vile vile kama lilivyokuwa kabla hajazichota zile kumi na tatu. Fundi wa bao hasahau, na Pazi alikuwa fundi.

Hapo angefanya kama mtu yeyote mwenye akili. Angekumba kete, angesema Mungu amrehemu, angewahi basi. Lakini akakaza macho kwenye bao, na akaona kitu ambacho hakukiona siku ile ya Saba Saba. Kulikuwa na njia nyingine. Upande wa kulia, shimo la pili kutoka mwisho. Angeanzia pale angekula, angezunguka, angekula tena, na angeshinda kihalali kabisa. Kumbe hakuwa na haja ya kuiba!

Furaha gani ilimpata. Miezi mitano ya kujificha, na kumbe ushindi ulikuwa wake tangu mwanzo. Nani angejizuia? Alikaa kitako, akakunja kanzu, akachota kete za shimo lile.

Akasambaza. Moja, moja, moja… Ya mwisho ilitakiwa ifike kwenye shimo lenye kete.

Haikufika. Ilipungua shimo moja. Ikaangukia patupu.

Ikalala.

Kitwana akalitazama shimo lile. Pazi alizipanga kete zile kama zilivyokuwa, ila bao lilikuwa na kete sitini na tatu, na iliyopungua ilipungua pale pale, kwenye shimo lile moja. Ushindi wake wa halali ulikuwa umekosa kete moja. Ilikuwa tumboni mwake.

Nyuma ya pazia kitu kikagonga.

Tok. Tok.

"Shemeji?" aliita.

Kaniki ikatikisika kidogo. Kete zikasikika zikidondoka kwenye mashimo ya gizani, taratibu, halafu vidole vikatokea chini ya pazia, vikazoa kete zake za safu ya mbele, vikarudi. Vilikwenda upesi mno. Hakuona kama ni vya mwanamke au vya mwanamume.

"Shemeji Mwanamkasi, wewe unajua bao?"

Alitaka kuinuka. Lakini yeye ndiye aliyeanza, na kila mcheza bao wa pwani ile alijua sheria ya baraza. Ukishatia mkono, huinuki ila kwa mambo mawili, hamna au adhana. Alijiambia hizo ni sheria za watu hai. Akajikaza ainuke. Miguu ilikuwa imekufa ganzi kuanzia kiunoni. Aliipiga ngumi, haikusikia kitu.

Basi akacheza. Palikuwa na njia moja tu ya kucheza, akaicheza. Tok, tok, akaliwa. Palikuwa tena na njia moja tu. Tok, tok. Kila alipogeuka alikuta amefungiwa mashimo yote isipokuwa lile ambalo Pazi alitaka alicheze.

Adhana, alijiambia. Adhana itaniokoa. Magharibi imekaribia.

Kwenye mwimo wa mlango kulikuwa na msumari uliotundikwa tasbihi. Mstari wa jua ulikuwa umepita kwenye minazi na kugusa kichwa cha msumari huo. Alicheza. Alisubiri. Alicheza tena, mara ya tano, ya sita. Akautazama msumari.

Jua lilikuwa pale pale.

Alicheza mara ya nane. Kuku wale walikuwa bado kwenye kivuli kile kile, mmoja ameinua mguu, hajaushusha. Hapakuwa na upepo. Hapakuwa na mtu njiani. Basi lilikuwa wapi? Mwadhini alikuwa wapi?

"Shemeji!" alipiga kelele. "Nina haja ya kuondoka! Shemeji!"

Harufu ya kafuri ilizidi. Mkono ukatokea tena chini ya kaniki, na safari hii haukwenda upesi. Ulikaa juu ya bao, umefunguliwa, kiganja juu. Kiganja kilikuwa kikavu. Kilikuwa kinangoja kitu.

Na kile kitu kigumu chini ya kifua chake kikagonga.

Tok. Tok.

Ndani. Ndani yake mwenyewe.

Kitwana alilia. Alikuwa mtu mzima mwenye watu wa kumheshimu na jina lake lilisomwa redioni, na alilia kama mtoto aliyepotea sokoni.

"Niliimeza!" alisema. "Pazi, niliimeza! Niliitia mdomoni, ulivyoona ndivyo. Nitasema. Wallahi nitasema mbele ya wote, barazani kwa Muhidini. Niachie tu niinuke!"

Mkono ukafunga ngumi polepole. Ukarudi ndani.

Na adhana ikapanda kutoka msikitini, wazi, nzuri, haijawahi kuwa nzuri vile. Kuku akashusha mguu. Kitwana alishtukia amesimama, amekimbia, amevuka minazi bila gunia wala bao, na basi lilikuwa linapiga honi barabarani.

Mnaweza kudhani mtu aliyeapa vile atatimiza. Hata yeye alidhani. Ijumaa ile baada ya swala alikwenda barazani kwa Mzee Muhidini. Walikuwepo wote, kahawa inazunguka. Alikaa, akatema tambuu, akasafisha koo.

"Jamani," alisema, "lile bao la Saba Saba…"

"Aah, bingwa, tunalijua!" wakamkatiza wakicheka. "Kila wiki unatuhadithia!" Na Mzee Muhidini akampa mkono, akamwambia wamekubaliana jina lake ndilo litakalopelekwa Unguja kwenye mashindano makubwa, kwa niaba ya pwani nzima. Wakampigia makofi.

Kitwana aliyatazama yale macho yaliyomzunguka, yanayomtazama kama mtu wa maana. Alikuwa na jina moja tu duniani, nalo lilikuwa mikononi mwa watu wale. Akacheka nao. Alijiambia atasema wiki ijayo. Wiki ijayo akajiambia alishasema, kule Mapinga, mwenye haki alishasikia, yatosha. Kila siku kabla ya magharibi kitu kilimgonga chini ya kifua, mara mbili. Alizoea. Binadamu huzoea mengi akipigiwa makofi.

Mwezi wa tatu, alasiri moja, mkewe Mwanaharusi alimwita kwamba ana mgeni.

Mwanamkasi alikuwa amesimama ukumbini kwa buibui, ametoka eda, na miguuni pake kulikuwa na kitu kimefungwa kwenye gunia. Kitwana alilitambua gunia lake.

"Umesahau vitu vyako, shemeji," alisema baada ya kuamkiana na kupewa maji. "Siku ile ulikwenda bila kuaga."

Kitwana alimtazama mkewe akienda uani kuandaa chai. Halafu akanong'ona, "Shemeji, nakuomba uniambie. Ni wewe uliyecheza?"

"Ndiyo," alisema Mwanamkasi.

Kitwana akapumua. Pumzi ile ilikuwa imekaa kifuani tangu mwezi wa kumi na mbili. Kumbe ni mwanamke tu! Alitaka hata kucheka.

"Nilicheza mara tatu," aliendelea Mwanamkasi. "Bao mimi silijui. Marehemu alinikaririsha kitandani, wiki nzima. Alisema, Kitwana akija ataanzia shimo la pili kulia, hataweza kujizuia. Ataanza yeye. Wewe gonga mara mbili, cheza hivi. Kisha hivi. Kisha hivi. Kila ukicheza atakuwa na njia moja tu. Ya tatu ikiisha inuka, nenda zako."

"Ya tatu…"

"Nikainuka. Nilikwenda uani kutia udhu. Niliporudi ulikuwa umeondoka, nikajua umekasirika."

Kitwana alikuwa amecheza zaidi ya mara nane. Alizikumbuka zote.

"Nani alibaki chumbani?" aliuliza.

Mwanamkasi aliinama akalifungua gunia, akalinyanyua bao la mninga, akaliweka juu ya kizingiti cha mlango wa chumba cha Kitwana, penye pazia, nusu huku na nusu kule. Akaweka na kifuko cha kete juu yake.

"Aliniusia jambo moja lingine," alisema. "Kama Kitwana atakuwa amelisema lake barazani mpaka mimi natoka eda, bao nilipasue kuni, mambo yameisha. Kama hajalisema, nimpelekee." Alijifunika vizuri buibui lake. Hakuonekana kufurahi. "Nimepita kwa Mzee Muhidini asubuhi, nimeuliza. Samahani, shemeji. Usia ni usia."

Chai hakuinywa. Aliondoka, na Mwanaharusi akatoka kumsindikiza mpaka stendi.

Kitwana akabaki peke yake na bao. Alitia tambuu mpya shavuni ili atulie. Kesho, aliwaza. Kesho nalitupa baharini. Au nalipasua mwenyewe, sasa hivi, shoka liko uani. Lakini kwanza, kama fundi yeyote ambavyo angefanya, alitaka tu kujua hesabu. Akakaa kitako mbele ya bao, akamimina kete, akazitia mashimoni huku anahesabu kimya kimya.

Sitini na tatu.

Alipotazama mashimo, mikono yake ilikuwa imezipanga. Haikuwa fainali ya saba. Ilikuwa pale walipoachia Mapinga, adhana ilipopigwa. Zamu ilikuwa yake na njia ilikuwa moja.

Akataka kuinuka. Miguu haikuitika.

"Nitasema!" alitaka kupiga kelele. "Leo! Usiku huu huu!" Na safari hii alimaanisha, alimaanisha kwa moyo wake wote, Mwanaharusi alikuwa hajafika hata mwisho wa kichochoro, na majirani walikuwa wamekaa nje ya ukuta, anawasikia wakizungumza. Neno moja tu lingetosha.

Ulimi ukagota.

Shavuni, nyuma ya tambuu, kulikuwa na kitu. Kigumu. Laini juu yake, cha mviringo. Akakisukuma kwa ulimi akiteme. Kikarudi kooni, kikakaa hapo, na hapakutoka neno wala mlio. Mate mekundu yakamdondokea kwenye kanzu.

Nje, sauti za majirani zilikatika katikati ya neno. Mstari wa jua ulikuwa umeingia dirishani na kugusa mwimo wa mlango. Alilikodolea macho doa lile la mwanga. Alingoja lisogee. Alingoja sana.

Pazia la chumba chake mwenyewe likatikisika. Kukaja harufu ya kafuri.

Tok. Tok.